Swali la Tisa kwenye Fomu ya Shangazi



Leo sizungumzii uchumba wala namna ya kusali Rozari ukiwa kwenye daladala. Nazungumzia fomu ya bima ya nyumba. Najua wengi wenu nyumba hamna, mna chumba cha kupanga na godoro, na wengine hata hilo godoro ni la mwenzako. Vumilieni tu. Hii fomu ilinifundisha kuhusu uongo kuliko mtihani wangu wa maadili, na ule mtihani nilifaulu vizuri.

Desemba ya mwaka juzi nilikuwa likizo Dar es Salaam kwa shangazi yangu. Nyumba yake aliijenga kwa mkopo, na benki ilimtaka aikatie bima na kuihuisha kila mwaka mpaka deni liishe. Bima ya mwaka ule ilikuwa inakaribia kuisha. Kampuni ya zamani ilishampandishia ada, akaamua kuhamia nyingine. Wakala akaja jioni moja, akakaribishwa chai, akatoa fomu ya kurasa nne. Shangazi akavaa miwani, akaisogeza ile karatasi mbali, akaivuta karibu, akaivua miwani.

"Baba, wewe si umesomea falsafa miaka yote hiyo? Hebu nijazie."

Nikaanza. Jina, namba ya kiwanja, kuta za nini, paa la nini, madirisha yana nondo au hayana, kuna mlinzi usiku. Mambo rahisi. Kisha swali la tisa. Liliuliza kama katika miaka 5 iliyopita mwombaji amewahi kupata hasara au kudai fidia ya bima kuhusu nyumba hiyo, kwa kampuni hiyo au nyingine yoyote. Ndiyo au Hapana. Kama ndiyo, toa maelezo.

Majibu niliyajua, nimekulia humo. Miaka minne nyuma, mwezi wa Novemba, wezi walikata nondo za dirisha la sebuleni wakachukua televisheni na kompyuta ya binamu yangu. Shangazi alidai, akalipwa sehemu. Miaka miwili nyuma tulisafiri wote kwenda kula Krismasi kijijini, bomba linalotoka kwenye simtanki likapasuka juu ya dari, maji yakamwagika siku tatu hamna mtu. Tuliporudi, dari la jipsamu la vyumba viwili lilikuwa sakafuni, kabati za jikoni zimevimba kama maandazi. Alidai tena, akalipwa Sh 3,400,000 baada ya kuzungushwa miezi saba. Na masika ya mwaka ule ule ukuta wa uzio ulipata ufa mkubwa. Huo hakuudai. Alipiga simu kuuliza, akaambiwa uzio haumo kwenye bima yake, akaita fundi.

Kalamu ilipofika pale, wakala akainama kidogo.

"Frateri, hapo weka Hapana. Kwetu sisi mama hajawahi kudai hata shilingi, ni mteja mpya. Ukiandika Ndiyo fomu inapanda makao makuu, wanaanza maswali, ada inaruka. Na wale wa zamani hawawezi kutuambia habari za wateja wao."

Msimfikirie vibaya. Ni kijana wa rika langu, anaimba sauti ya tatu kwenye kwaya ya parokia ya jirani, na siku ile alikuwa anamhurumia shangazi kweli kweli. Nikamtazama shangazi. Akasema, "Wewe ndiye msomi, wewe ndiye unajua."

Nikaandika Hapana. Kwenye nafasi ya maelezo nikachora mstari.

"Umeandika vizuri?"

"Vizuri, shangazi."

Akatia sahihi yake ile ndefu, chini ya tamko linalosema kwamba majibu yote hapo juu ni ya kweli na ndiyo msingi wa mkataba. Ada ya mwaka ikawa Sh 260,000. Usiku ule nililala vizuri sana, na sitawadanganya kwamba dhamiri ilinisumbua. Haikunisumbua hata kidogo.

Januari nikarudi seminarini. Siku moja katika maongezi na mlezi wangu wa kiroho nikamsimulia kama kichekesho, jinsi wakala alivyomgeuza frateri kuwa karani wake. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu: "Swali lenyewe lilikuwa linauliza nini?"

Nikalirudia kwa maneno yake, nikafika pale pa "kampuni hiyo au nyingine yoyote", nikasikia sauti yangu mwenyewe inapungua.

Hapo ndipo falsafa ilipoanza kunitafuta, imechelewa kama kawaida yake. Maana nilikuwa na utetezi mzuri: kwenye kampuni HII shangazi hajawahi kudai. Sentensi hiyo ni kweli tupu. Tatizo ni kwamba nusu yake niliiandika kwenye karatasi na nusu nikabaki nayo kichwani. Ujanja huu ni wa kale. Wapo wanateolojia waliowahi kufundisha kwamba mtu anaweza kusema maneno ya uongo kwa nje, kisha akamalizia kimoyomoyo kwa kipande kinachoyafanya yawe kweli, na asiwe amesema uongo. Eti Mungu anasikia sentensi nzima. Papa Inosenti wa XI aliyalaani mafundisho hayo mwaka 1679, na ukifikiri kidogo unaona kwa nini: mtu akikuuliza jambo, anachokuomba ni maneno yatakayomfikia yeye. Kile ulichomalizia moyoni hakiwezi kusomwa makao makuu.

Kuna maneno mengine ambayo msikilizaji mwenyewe anajua yana nafasi ndani yake. Mtu akibisha hodi saa saba mchana ukamwambia "Padre hayupo", anaelewa kuwa padre hapokei wageni saa hizo. Ni lugha ya watu wote. Lakini fomu iliyoandika wazi "nyingine yoyote" imefunga mlango huo kwa makusudi. Mimi nilipitia dirishani, kama wale wezi.

Utetezi wa pili nadhani ndio wenu pia, kwa sababu nimeusikia mara nyingi: kampuni ya bima ni tajiri, ina jengo la vioo, haitafilisika kwa bomba la shangazi. Sasa hebu tuliache jengo la vioo. Fikiria kikoba cha akina mama kumi na watano kwenye jumuiya yenu ndogo ndogo, kila mmoja anaweka elfu tano kwa wiki kwenye mfuko wa kusaidiana kwa majanga. Mmoja amekwishasaidiwa mara mbili kikoba cha mtaa wa pili kwa sababu nyumba yake ina bomba bovu. Anahamia kwenu. Mnamuuliza, anasema sijawahi kupata tatizo. Hajamwibia "kikoba", maana kikoba hakina mfuko wake, kina mifuko ya akina mama kumi na wanne waliompangia mchango sawa na wao wakiamini nyumba yake ni kama zao. Bima ni kikoba kikubwa ambacho wanachama hawajuani sura. Kampuni ndiyo inayoshika daftari (na kujilipa vizuri kwa kulishika, sikatai). Hela ya dari la shangazi ilitoka kwa mtu wa Mwanza au Iringa ambaye bomba lake halikupasuka. Ninapoficha habari ya bomba, ninampangia huyo mtu mchango mkubwa zaidi bila kumuuliza.

Wenye sheria waliliona hili zamani. Mwaka 1766 jaji wa London aitwaye Lord Mansfield aliamua kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Carter alikuwa gavana wa ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra, akaikatia bima isitekwe na adui. Wafaransa wakaiteka mwaka 1760. Mwenye bima akakataa kulipa, akidai Carter alificha udhaifu wa ngome yake. Mansfield akaeleza kitu ambacho hadi leo wanasheria wa bima wanakisoma: anayeikatia mali yake bima ndiye anayeijua, na anayeibeba hatari anategemea maneno yake, kwa hiyo nia njema ni deni la wote wawili. Cha kufurahisha ni kwamba kesi ile Carter alishinda, kwa sababu mwenye bima alikuwa na uwezo wa kuyajua mambo yaliyolalamikiwa na hakuuliza. Yaani tangu mwanzo kanuni hii haikuwa fimbo ya kumchapa mteja peke yake. Mahakama za Tanzania zilirithi sheria hiyo ya Kiingereza. Waingereza wenyewe mwaka 2012 wakailegeza kwa mwananchi wa kawaida: huhitaji tena kukisia kampuni ingependa kujua nini, bali ujibu unachoulizwa kwa uangalifu. Ukikosea kwa uzembe, na kampuni ingekutoza zaidi kama ingejua, fidia inaweza kupunguzwa kwa uwiano: kama ulipaswa kulipa ada ya 200 ukalipa 150, unapata robo tatu ya hasara. Ukidanganya kwa makusudi, kampuni inaweza kuuvunja mkataba wote. Pima sasa nilichomfanyia shangazi. Nilimpunguzia ada kidogo, nikaweka karatasi chini ya deni la benki ambayo siku nyumba ikiungua mtu angeweza kuichana mbele yake.

Lakini hoja hiyo ni ya woga, sitaki kuilalia sana. Huko Uingereza kampuni za bima zina rejista moja ya madai ambayo wenzao wanaweza kuitazama. Marekani nako ipo, na inakumbuka madai ya nyumba hadi miaka 7. Pale ukiandika Hapana, kompyuta inakuumbua kabla chai haijapoa. Basi, mtu anaandika Ndiyo. Je, amekuwa mkweli, au ameonekana tu? Plato katika kitabu cha Jamhuri ana hadithi ya mchungaji Gyges aliyeokota pete ya kumfanya asionekane, na swali linaloulizwa pale ni kama mwenye pete hiyo angekuwa na sababu yoyote ya kubaki mwenye haki. Nilipoisoma darasani niliona ni hadithi ya watoto. Kumbe siku ile sebuleni wakala alinivisha hiyo pete. Aliposema "wale wa zamani hawawezi kutuambia", alikuwa ananiambia kwamba sionekani. Na nikafanya alichofanya Gyges, tena bila ufalme, kwa Sh 85,000. Hesabu hiyo nitaieleza.

Kuna mtu ataniuliza: kwani kila siri ni uongo? Hapana. Hapa Cicero ananisaidia, na baada yake Mtakatifu Thoma. Cicero katika kitabu chake cha tatu kuhusu wajibu anasimulia juu ya mfanyabiashara anayefikisha nafaka Rhodes wakati wa njaa, akijua meli nyingine nyingi za nafaka ziko njiani nyuma yake. Awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya juu? Papo hapo anatoa mfano wa mtu anayeuza nyumba yenye kasoro ambazo yeye tu anazijua. Cicero anasema waziwazi kwamba wote wawili hawakupaswa kuficha. Thoma anaupokea mfano wa nafaka kwenye Summa, na yeye ni mpole zaidi: yule mfanyabiashara haki haimlazimishi kusema, ingawa akisema fadhila yake ni kubwa zaidi. Lakini kwa kasoro iliyofichika inayomletea mnunuzi hatari au hasara, Thoma anasema muuzaji lazima aseme. Kwa hiyo kuna mahali pa kunyamaza. Fomu haikuniuliza shangazi anadaiwa kiasi gani dukani, wala kama mjomba anakunywa, na sikuwa na wajibu wa kuandika. Swali la tisa liliuliza. Mtu akishakuuliza jambo ambalo ana haki ya kulijua, ukimya umekwisha, umebaki na kweli au uongo.

Kwa Thoma huyo huyo nilikuta jambo ambalo nilikuwa nimelisoma na kulipigia mstari bila kulielewa. Anasema ukweli kama fadhila ni kipimo cha katikati: mkweli husema jambo lilivyo, bila kulizidisha wala kulipunguza. Nilifikiri mkweli ni yule anayesema mengi. Kumbe ni yule anayesema sawasawa. Shikeni hilo, maana litarudi.

Basi nikajua kosa langu. Nikaungama. Na nikatamani sana mambo yaishie hapo, lakini Katekisimu, namba 2487, inafundisha kwamba kosa dhidi ya haki na ukweli linadai malipizi hata baada ya kusamehewa. Ile Hapana ilikuwa bado iko kwenye faili, inafanya kazi, kwa jina la mtu mwingine.

Nikampigia shangazi Jumapili baada ya Misa. Nilimweleza taratibu. Kimya. Nikadhani simu imekatika.

"Kwa hiyo ulinifanya nitie sahihi uongo."

"Ndiyo, shangazi. Nisamehe."

"Nilikuuliza umeandika vizuri."

"Uliniuliza."

Kisha akawaka, na hasira yake haikuwa kwangu peke yangu. Amelipa ada miaka sita hajawahi kuchelewa hata siku moja. Alipodai alizungushwa miezi saba, analala na watoto chumba kimoja chini ya dari lisilokuwepo. Na leo akisema ukweli aadhibiwe kwa kuongezewa ada? Kwani bima ni ya nini, kama ukiitumia unageuka mkosaji?

Sikuwa na jibu zuri, na sina hadi leo. Nadhani shangazi ana hoja. Kuna tofauti kati ya ada inayopanda kwa sababu nyumba imeonekana kuwa na hatari zaidi, na ada inayopanda kama faini kwa mtu kudai chake. Bomba lililobadilishwa lote baada ya ajali halina hatari ile ile tena, na haki ingetaka hilo lizingatiwe. Nilichoweza kumwambia ni kwamba bei isiyo ya haki ina mahali pa kulalamikiwa: kwenye kampuni yenyewe, kisha kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, yaani TIRA, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kwenye kile kisanduku cha Ndiyo na Hapana hukuwekwa nafasi ya kulalamikia bei. Ukijibu kwa uongo hujapinga chochote, umejilipa mwenyewe gizani.

"Haya," akasema. "Andika hiyo barua. Lakini safari hii unisomee."

Nikashauri tuanze na kumbukumbu, tusitegemee vichwa vyetu. Shangazi akaiomba kampuni ya zamani orodha ya madai yake. Orodha ikaja baada ya wiki mbili. Madai matatu! Wizi, sawa. Maji, sawa. La tatu: ukuta wa uzio, makadirio Sh 2,000,000, hali: linaendelea. Ile simu ya kuuliza tu, mtu alifungua faili na hakulifunga.

Nilipopokea picha ya ile karatasi ilikuwa na ujumbe mmoja wa sauti, shangazi anacheka kicheko kile kisicho cha furaha. "Unaona sasa, msomi? Mimi nilipunguza mawili, wao wameongeza moja. Tumuulize huyo Thoma wako nani zaidi."

Kwa kweli Thoma angesema wote tumekosea kipimo. Na hapa nilielewa kwamba kuweka historia yako sahihi si kazi ya kujishtaki tu. Dai la uongo lililoandikwa juu yako nalo ni uongo, linamdhuru mtu, na ukiliacha liende kwa sababu "nimezoea kuonewa" hujawa mnyenyekevu, umekuwa mvivu. Mtumishi wa Mungu hapaswi kukiri dhambi ambayo hakutenda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, tukaitaja kwenye barua. Ilichukua simu nyingi na safari mbili za shangazi mjini, moja akinyeshewa, lakini mwishowe wakatoa barua: kuhusu uzio hakuna dai lililowasilishwa, hakuna kilicholipwa, faili limefungwa.

Kisha barua kwa kampuni mpya. Hii tuliiandika kwa simu, neno kwa neno, mimi nasoma yeye anakubali au anakataa. Wizi: mwezi na mwaka, kiasi kilicholipwa. Maji: tarehe, chanzo, Sh 3,400,000, na kwamba bomba lote la darini lilibadilishwa, risiti ya fundi imeambatishwa. Kwenye uzio tulibishana. Yeye alitaka tuuache, maana barua inasema si dai. Mimi nikamwomba alisome tena swali. Liliuliza hasara AU dai. Ufa ulikuwa hasara hata kama hakulipwa mtu. Tukaandika: hasara ndiyo, dai hapana, ulitengenezwa kwa fedha ya mwenye nyumba. Nilitaka kuongeza sentensi ya kueleza kuwa mwenye nyumba ni mama mwaminifu aliyekosewa na mpwa wake. Akasema, "Hilo hawajauliza, toa." Akabakiza tu kwamba jibu la kwanza halikuwa sahihi na hili ndilo sahihi.

Nilikuwa nimejiandalia moyoni mwisho mzuri, kwamba kampuni itaguswa na ukweli iache ada pale pale. Haikuguswa. Ada ikapanda kwa Sh 85,000, ikafika Sh 345,000, na kwenye hasara yoyote ya maji Sh 500,000 za kwanza ni za shangazi mwenyewe. Wakala alinipigia. Hakunitukana, alisema tu, "Frateri, ungeniambia mapema nijue la kusema ofisini," na alikuwa na haki kulalamika, kwa sababu nilimwacha ajibu peke yake kuhusu mkono ulioandika. Nilimwomba radhi. Bado tunasalimiana, lakini salamu imekuwa fupi.

Wakati ule nilimkumbuka sana Anania na mkewe Safira, kwenye Matendo ya Mitume sura ya 5. Nilipokuwa mtoto nilidhani waliadhibiwa kwa sababu hawakutoa hela yote ya kiwanja. Petro mwenyewe aliwaonyesha kuwa kiwanja kilikuwa chao na bei ilikuwa mikononi mwao. Wangeweza kuleta nusu, wakasema ni nusu. Na kuna kitu ambacho sikukitilia maanani zamani: Safira aliingia baadaye, akaulizwa swali la ndiyo au hapana kuhusu kiasi, akajibu kama walivyokuwa wamepatana nyumbani. Nyumbani kwetu waliopatana ni wakala na mimi. Aliyetia sahihi hakuwa hata kwenye mapatano.

Nilimtumia shangazi elfu arobaini kwenye simu, nilizokuwa nimeweka kwa ajili ya viatu. Nilitegemea azirudishe, ndivyo alivyo. Alizipokea, na hakusema asante. Nilifurahi kuliko kama angezirudisha.

Mwezi uliopita bima imehuishwa tena, nami nilikuwa likizo. Kampuni ni ile ile, fomu sasa ni ya kurasa mbili, na lile swali limekuwa la nne. Shangazi alileta daftari la kaunta ambalo ameandika kila kitu: tarehe, kilichotokea, aliyempigia, kilicholipwa, fundi aliyetengeneza. Akanipa kalamu, lakini miwani alibaki nayo usoni.

"Soma kwa sauti."

Nikasoma. Akaanza kutaja: wizi wa Novemba, maji ya Krismasi, uzio wa masika. Nikamsimamisha kwenye wizi. Fomu inauliza miaka 5. Tukahesabu kwa vidole, yeye vyake na mimi vyangu, mara mbili. Miaka mitano na mwezi mmoja.

"Kwa hiyo huo hauandikwi?"

"Hauandikwi, shangazi. Hawajauuliza."

Akanitazama juu ya miwani kwa muda mrefu. Kisha akafungua daftari, akahesabu upya peke yake, akaanzia Novemba.